Kutunza gari dogo Arusha na Moshi: rejeta, oili, vumbi na breki za mteremkoni

Ratiba ya Toyota kwa magari ya Japani ni kumwaga oili kila kilometa 15,000 au mwaka mmoja, na nusu ya hapo kwa gari linalofanya kazi ngumu. Vumbi, vilima na safari fupi za kupeleka watoto shule asubuhi injini ikiwa baridi, hiyo ndiyo kazi ngumu yenyewe. Kwa huku shika kilometa 5,000 au miezi 6, chochote kitakachotangulia. Vipimo vya hapa chini ni vya injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497, iliyomo kwenye Premio, Allion na Corolla nyingi za huku. Kama yako ni nyingine, njia ni ileile ila vipimo thibitisha kwanza.

Tuanze na rejeta, kwa sababu ndiyo inayoua injini haraka. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya wazi huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, wala hayangoji 100. Injini yenyewe hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95. Kinachozuia yasichemke ni mfuniko wa rejeta: ule ulioandikwa 1.1 ukiwa mzima hushikilia presha, na maji yanavuka nyuzi 115 bila kuchemka. Raba yake ikikakamaa au springi ikilegea, presha inatoroka. Ndiyo maana gari hilohilo laweza kutembea Dar es Salaam bila shida, likaanza kuchemsha likipanda kutoka uwanja wa ndege wa KIA kuelekea Tengeru na watu watano ndani, mchana wa Februari. Kabla hujaambiwa habari za gasketi, badilisha mfuniko kwanza. Ni kitu cha bei ndogo.

Maji ya bomba usiyatie. Yana chumvichumvi zinazoganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta, na hayana dawa ya kuzuia kutu wala ya kulinda sili ya pampu ya maji. Tumia kulanti (maji maalumu ya rejeta yenye dawa) iliyokwisha kuchanganywa, au ile nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi. Mfumo mzima unachukua lita 5 hadi 6. Usichanganye kulanti za aina mbili ukidhani rangi zikifanana basi ni kitu kimoja. Rangi ni ya kiwanda, haielezi kilichomo.

Kubadilisha: injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, kisha kidude cha kumwagia kilicho chini ya rejeta. Yakitoka yenye kutu, suuza na maji masafi mpaka yatoke meupe. Funga, egesha gari pua ikitazama juu mlimani (vilima havikosekani), weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza polepole huku ukiminyaminya mpira wa juu wa rejeta ili hewa itoke. Washa, acha injini ingurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ukiongeza kila yanaposhuka. Kesho yake asubuhi angalia tena, maana hewa iliyobaki huwa imeshatoka usiku.

Kuna tabia ya kung'oa thamostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto, "ili injini ipoe". Ni ushauri mbaya. Thamostati ya injini hii hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi na kulika ndani, hasa asubuhi za Juni na Julai. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi thamostati ndiyo inayoziba njia ya mkato. Isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kama imekufa, weka mpya.

Na likichemsha njiani? Zima kiyoyozi, fungua hita yote, ingia pembeni, zima injini na usiguse mfuniko kwa nusu saa au zaidi. Usimwagie injini maji baridi. Silinda hedi ni ya aluminiamu, inapinda, na hapo ndipo gasketi inapoachia.

Sasa oili. Inayofaa ni 5W-30, 10W-30 inakubalika. Ile nzito ya 20W-50 inayosifiwa kwenye gereji nyingi inachelewa kupanda juu asubuhi ya baridi, na mfumo wa VVT-i, unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, unategemea oili ipite kwenye vichujio na matundu madogo sana. Ukinunua galoni ya lita 4, kagua sili ya mfuniko, na kopo likiisha litoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa uchafu na kukurudia dukani.

Pasha injini dakika tano tu. Pandisha gari kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekewa matofali. Nati ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni spana ya 14. Oili ikiisha kutiririka, rudisha nati ikiwa na washa mpya, uibane kiasi, maana sampo yenye nyuzi zilizokwanguka inaanza na fundi aliyekaza kwa hasira. Ukifungua filta ya zamani, tazama kama raba yake imetoka nayo. Ikibaki imenata kwenye injini ukafunga nyingine juu yake, raba mbili hazishiki na oili yote itamwagika barabarani. Paka raba ya filta mpya oili kidogo, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana hapa haihitajiki.

Injini hii inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Mimina 3.5, washa dakika moja, zima, ngoja dakika tano, soma kijiti, kisha ongeza kidogokidogo. Oili chafu usiimwage kwenye mtaro, na huku Kilimanjaro mtaro huo mara nyingi ni mfongo unaokwenda kumwagilia kihamba cha jirani.

Angalia kijiti kila Jumamosi. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja. Ile taa nyekundu ya birika haisomi kiasi cha oili, inasoma presha. Ikiwaka unaendesha, zima injini palepale, usiseme nifike tu nyumbani. Wenye 1ZZ-FE ya cc 1,800 wawe waangalifu zaidi, kwani zile zilizotengenezwa kabla ya 2005 zinajulikana kwa kula oili.

Filta ya hewa itoe kila mwezi wakati wa kiangazi ukiishi mtaa usio na lami. Weka tochi ndani. Mwanga usipopenya, badilisha. Ukipuliza na kompresa, puliza kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kwa presha ndogo na kwa mbali. Usiifue. Karatasi ikishalowa inaachia, na vumbi linaloingia silinda ni kama msasa.

Breki zinataka nidhamu ukikaa Marangu, Machame au Kibosho. Kushuka kutoka Marangu hadi Himo mguu ukiwa umekaa kwenye pedali kunapasha brekipedi na mafuta ya breki pamoja. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yananyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka pedali inazama kama imekanyaga sifongo. Kwa hiyo badilisha kila miaka miwili, na mteremkoni rudisha gia: 2 au L kwenye otomatiki ya kawaida, S au B kwenye zile za CVT, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua. Kanyaga kwa vipindi, achia, kanyaga tena.

Mafuta ya breki yakipungua kwenye kikopo usikimbilie kuongeza. Mara nyingi ni brekipedi zimeisha na pistoni zimesogea nje. Pima: zikibaki milimita 3, badilisha. Pedi ya ndani ikiisha na ya nje ikabaki nene, pini za kalipa (kishikio cha pedi) zimekwama kwa vumbi na matope; zitoe, zisafishe, paka grisi ya silikoni inayostahimili joto. Usizioshe kwa petroli wala dizeli, raba zitavimba. Nati za gurudumu kaza kwa msalaba, 103 Nm kama una spana ya kupimia.

Matairi: upepo soma kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, asubuhi kabla hujatembea. Kilichoandikwa 220 kPa ni sawa na 32 kwenye mashine ya kujazia. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Gari likitoka bandarini na kashata nene usidanganyike, raba yaweza kuwa na miaka tisa.

Gari likilia kak-kak ukikata kona, chungulia raba za draivshafti, zile fito zinazozungusha magurudumu. Iliyochanika juzi inaokolewa kwa raba mpya na grisi, iliyokaa wiki mbili kwenye mchanga inataka draivshafti nyingine. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto na kijiko cha magadi soda, ukianza kufungua upande wa hasi na kuufunga mwisho. Betri iliyopumzika isome volti 12.6, na injini ikinguruma kati ya 13.8 na 14.4. Ikisoma chini ya hapo injini ikinguruma, usinunue betri mpya kabla ya kukagua belti na alteneta.