Kupandisha Kasi ya Prosesa ya Simu: Pima Kwanza, Kisha Uamue

Kila prosesa ya simu hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa kasi ya juu ambayo haivuki, na kasi hiyo huhesabiwa kwa gigahezi, yaani mabilioni ya mapigo kwa kila sekunde. Kuovakloki, kama wasemavyo mafundi, ni kuiamuru prosesa ipige haraka kuliko kiwango hicho. Kazi yenyewe haihitaji bisibisi, kwa kuwa hufanyika yote ndani ya programu, lakini ikifanywa kwa pupa inaweza kukuachia simu isiyowaka, na ikifanywa kwa utulivu huenda ikakupa faida ndogo kuliko ulivyotarajia. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye simu ya pili ya Android, ile ambayo haibebi laini yake ya M-Pesa, programu ya benki wala picha za watoto. Mwenye simu moja tu namsihi asome sehemu ya kupima, aifanye, kisha aishie hapo.

Nafasi ya kupandisha kasi ipo kwa sababu chipu za aina moja hazitoki zikiwa sawa, kama vile maandazi ya karai moja yasivyoiva sawa. Kiwanda hulazimika kuweka kasi ambayo hata chipu iliyo dhaifu itaimudu, na mtengenezaji wa simu naye huweza kuipunguza tena ili kulinda betri. HTC Dream, simu ya kwanza ya Android iliyouzwa mwaka 2008, ilikuwa na prosesa ya megahezi (mamilioni ya mapigo kwa sekunde) 528 iliyopangiwa kufanya kazi kwa megahezi 384. Galaxy Nexus ya mwaka 2011 ilibeba chipu ya Texas Instruments, OMAP 4460, ambayo watengenezaji wake waliiruhusu kufika gigahezi 1.5, lakini simu ikauzwa ikiwa imefungwa kwenye 1.2. Aliyeipandisha hadi 1.5 alikuwa anachukua tu kile ambacho chipu ilikwisha kuahidiwa kuwa nacho. Simu za namna hiyo ndizo zilizowapa watu imani kwamba kila simu ina nguvu iliyofichwa, na imani hiyo imedumu hata baada ya hali kubadilika. Qualcomm ilipotoa Snapdragon 855 Plus mwaka 2019, ambayo ni 855 ileile iliyopandishwa kasi na wenyewe, kiini chake kikuu (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu, na prosesa moja huweza kuwa na kadhaa) kilitoka gigahezi 2.84 kwenda 2.96, ongezeko la takriban asilimia 4. Ukisoma mahali mtu akidai amepata asilimia 40 kwenye simu ya sasa, ikumbuke hesabu hiyo.

Hesabu nyingine unayopaswa kuifahamu kabla ya kugusa chochote ni ya umeme. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volti huongezeka kwa kipeo cha pili. Na kasi ikipanda sana, volti nayo hulazimika kupanda, la sivyo transista, zile swichi ndogo mno zilizomo ndani ya chipu, hazitawahi kubadilika kabla ya pigo linalofuata. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, unazidisha 1.1 mara tatu, na jibu ni 1.331: umeme umeongezeka kwa asilimia 33, na karibu wote huo unageuka joto. Kwa upande wa faida, kazi iliyochukua sekunde kumi sasa itachukua sekunde tisa na kidogo. Kompyuta ya mezani hulipeleka joto hilo kwenye feni. Simu ya kawaida haina feni. Joto lake hutokea mgongoni na kwenye kioo, na katika simu nyingi chipu ya RAM imebandikwa juu ya prosesa yenyewe, hivyo hushiriki joto hilo kabla halijafika nje.

Faida, hata hivyo, ipo. Inaonekana zaidi kwenye simu za zamani zenye kiini kimoja au viwili, katika kazi fupi zinazotegemea kiini kimoja: kufungua ukurasa mzito wa intaneti, kufungua faili lililobanwa, au kuendesha programu zinazoiga mashine za gemu za zamani. Ikiwa simu yako ni nzito kwa sababu RAM imejaa, hifadhi imebakiwa na megabaiti chache, au mtandao wenyewe ni dhaifu, prosesa hata ikipaa haitakusaidia kitu. Anza kwa kufuta usivyovihitaji na kuiwasha simu upya, kwa maana watu wengi wanaotafuta kasi ya prosesa huwa wanahitaji nafasi ya hifadhi.

Si kila simu inakubali. iPhone haimpi mtumiaji njia ya kuifikia keneli, ile programu ya ndani kabisa inayoongoza vifaa vya simu. Kwenye simu zenye Snapdragon 845 na zilizofuata, jedwali la kasi na volti za prosesa limewekwa ndani ya chipu, na keneli hulisoma tu. Unaweza kupunguza kiwango cha juu, lakini huwezi kukivusha. Uwanja uliobaki, basi, ni wa simu za kabla ya hapo ambazo butiloda yake, ile programu inayowasha mfumo na kuamua mfumo upi unaruhusiwa, hufunguka na ambazo kuna mtu aliyezitengenezea keneli yenye kasi za ziada.

Sasa kupima. Hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, nami ningependa uitumie muda mrefu kuliko nyingine zote. Washa chaguo la wasanidi kwenye mipangilio, ruhusu utatuzi kwa USB (USB debugging), unganisha simu na kompyuta yenye adb, programu ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, kisha uliza kiwango cha juu cha kila kiini, ukibadilisha namba iliyo baada ya cpu kulingana na viini vya simu yako (huanzia 0):

adb shell cat /sys/devices/system/cpu/cpu7/cpufreq/cpuinfo_max_freq

Jibu huja kwa kilohezi, yaani maelfu ya mapigo kwa sekunde. Simu yenye Snapdragon 855 itakujibu 2841600, ambayo ni zile gigahezi 2.84. Viini hupangwa kwa makundi, kwa hiyo cpu0 kwenye simu hiyohiyo itajibu 1785600, kwa kuwa kile ni kiini kidogo cha kazi nyepesi. Halafu uliza joto la betri:

adb shell dumpsys battery

Tafuta mstari wa temperature. Ukiona 352, maana yake ni nyuzijoto 35.2. Baada ya hapo fungua gemu nzito, au jaribio la Wild Life Stress Test lililomo kwenye 3DMark, programu ya kupima nguvu za simu, ambalo hurudia picha zilezile kwa dakika 20, na kila baada ya dakika mbili uliza kasi ya wakati huo kwa kubadilisha neno la mwisho la amri ya kwanza liwe scaling_cur_freq. Andika namba kwenye karatasi.

Mara nyingi utaona jambo hili: dakika za mwanzo namba inagonga juu kabisa, mgongo wa simu unaanza kuwa vuguvugu karibu na kamera, kisha namba inashuka ngazi moja, tena nyingine, na haipandi tena hadi gemu liishe. Hiyo ni simu inayojipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ikiwa simu yako inashindwa kushikilia kasi iliyotoka nayo kiwandani kwa dakika 20, kuipandishia kiwango ni kazi bure. Itafika juu kwa sekunde chache zaidi, itapata joto mapema zaidi, na itashuka chini kuliko awali. Pima pia mchana, mahali unapoitumia. Apple inapendekeza vifaa vyake vitumike kwenye hewa ya nyuzijoto 0 hadi 35, na aliyewahi kuweka simu kwenye kishikio cha bodaboda saa saba mchana, Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Februari, anajua jinsi jua lilivyo tayari kuuvuka mpaka huo bila msaada wa prosesa.

Ikiwa namba zako zimeshikilia na bado unataka kuendelea, hifadhi kwanza kila kitu nje ya simu, kwa sababu kufungua butiloda hufuta data yote. Pakua mfumo kamili wa kiwandani wa modeli yako hasa, si ya modeli inayofanana nayo jina, na uhakikishe una faili la boot.img, lenye keneli ya awali, la toleo lilelile lililomo kwenye simu. Chaji betri ifike zaidi ya nusu. Fahamu pia kwamba programu nyingi za benki hukataa kufunguka kwenye simu iliyorutiwa, yaani iliyofunguliwa ruhusa za juu kabisa za mfumo, na kwamba kwenye simu za Samsung zenye Knox, mfumo wake wa ulinzi, kuweka mfumo usio rasmi huchoma fyuzi ndogo ya kielektroniki ambayo hairudi tena. Secure Folder, ile folda ya siri ya Samsung, itakufa hata ukirudisha mfumo wa awali. Udhamini kwa kawaida huishia hapo pia.

Baada ya kufungua butiloda na kuruti simu, kwa kawaida kwa programu ya Magisk, utaflashi (utaiandika ndani ya simu badala ya ile ya zamani) keneli yenye kasi za ziada, kisha utatumia programu ya kuongoza keneli kuchagua kiwango kipya. Kuandika namba kubwa kwa keneli ya kiwandani hakusaidii, kwani namba iliyozidi jedwali lake hurudishwa chini. Panda ngazi moja tu kwa wakati mmoja. Usiguse volti mwanzoni. Usiweke alama kwenye chaguo la kutumia mipangilio kila simu inapowaka, mpaka majaribio yote yaishe. Hilo ndilo litakalokuokoa, kwa kuwa simu ikiganda utaizima na kuiwasha, nayo itarudi kwenye kasi ya zamani yenyewe. Gavana, ile sehemu ya keneli inayoamua lini kasi ipande na lini ishuke, iache ilivyo. Kuna wanaoibadilisha kuwa performance, ambayo huishikilia prosesa kwenye kilele hata simu ikiwa haina kazi, na betri yao huisha kabla ya adhuhuri.

Kila ngazi irudie jaribio la dakika 20, halafu itumie simu siku nzima kabla ya kupanda tena. Kuganda, kujiwasha upya na programu kujifunga ni dalili zinazojionyesha zenyewe, na dawa yake ni kurudi ngazi moja chini. Kuna dalili nyingine isiyojionyesha, nayo ndiyo inayonitia hofu. Niliwahi kuiacha simu yangu ya majaribio kwenye kasi niliyoiona imetulia, kwa kuwa ilikuwa imecheza gemu saa nzima bila kusita, nikahamishia humo picha za arusi ya ndugu. Wiki iliyofuata nilizifungua. Nyingi zilikuwa salama, lakini kadhaa zilionyesha nyuso za juu tu, na kuanzia mabegani kwenda chini zilikuwa kijivu kitupu. Prosesa inayokosea hesabu moja kati ya mabilioni huenda isigande. Huandika kosa hilo kwenye faili na kuendelea na kazi. Tangu siku hiyo, hatua yangu ya mwisho ya jaribio ni kunakili faili kubwa ndani ya simu mara kumi na kulinganisha alama ya kila nakala kwa amri ya sha256sum, ambayo hukokotoa alama ya faili kutokana na kila kilichomo ndani yake. Alama moja ikitofautiana, kasi hiyo haifai, hata kama gemu linakwenda vizuri kiasi gani.

Simu ikikataa kuwaka kabisa, usiikimbize kwa fundi kabla ya kujaribu hili: iingize kwenye modi ya fastboot, ambayo hupokea amri za kompyuta kabla mfumo haujawaka, kwa kubonyeza vitufe vyake, iunganishe na kompyuta, na urudishe keneli ya awali kwa amri ya fastboot flash boot boot.img. Faili ulilolipakua mwanzoni lilikuwa kwa ajili ya saa hiyo.

Betri iangalie kwa jicho lake. Betri ya lithiamu huchakaa haraka ikikaa kwenye joto, na betri iliyochakaa hushindwa kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla. Ndiyo sababu Apple ilikiri mwezi Desemba 2017 kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri kuukuu ili zisijizime ghafla. Kumpandishia kasi prosesa anayelishwa na betri ya miaka mitano ni kuomba mkondo ambao haupo. Badilisha betri kwanza, toa kava wakati wa majaribio, na usicheze gemu huku simu ikiwa kwenye chaji. Mgongo wa simu ukianza kubinuka au kioo kikiinuka pembeni, betri imevimba: izime, usiichaji tena, usiitoboe, na ipeleke kwa fundi anayejua kuitoa salama.

Na ikiwa namba za kwenye karatasi yako zilionyesha simu inayoshindwa kushikilia kasi, jaribu kinyume chake. Kwenye simu iliyorutiwa, hata zile za Snapdragon mpya zinazokataa kupanda, kiwango cha juu kinaweza kushushwa ngazi mbili au tatu kwa kuandika namba ndogo kwenye scaling_max_freq. Asiyeruti atatumia modi ya kuokoa betri iliyomo kwenye mipangilio, ambayo kwa simu nyingi hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Kwa kuwa volti hushuka pamoja na kasi, ile hesabu ya 1.331 inakufanyia kazi kwa upande wa pili: unaacha sehemu ndogo ya kasi na kupunguza sehemu kubwa ya joto. Rudia jaribio la dakika 20 na uandike namba mpya kando ya zile za zamani. Kwenye simu yangu ya kila siku, gemu ambalo zamani lilianza kwa kasi na kukwama dakika ya nane sasa linakwenda mwendo mmoja mpaka mwisho, na mgongo wa simu unashikika.