Kihisi cha mwanga: waya wa zinki, ganda la titani

Safisha kioo kwa sabuni na spiriti. Kidondoshee zinki asetati iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, kiache kikauke, rudia mara tatu, kisha kichome nyuzi 350 kwa dakika 20. Hiyo ndiyo mbegu, ambapo nyaya nyembamba sana za oksidi ya zinki zitaota.

Changanya zinki naitreti na heksamini, kila moja moli 0.025 kwa lita. Maji ya visima vya hapa Dodoma yana chumvi, hayafai, tumia yaliyokenekwa. Kioo kikae ndani ya mchanganyiko huo kifudifudi, upande wa mbegu ukitazama chini, la sivyo unga mweupe unaotuama utafunika nyaya zako zote. Oveni nyuzi 90, kwa saa 4.

Sasa ganda, na hapa usiharakishe. Oksidi ya zinki peke yake hunasa vizuri mionzi ya urujuanimno, lakini ukizima taa umeme hushuka polepole mno, kwa sababu oksijeni ya hewani hurudi taratibu kushika uso wa waya. Ganda jembamba la oksidi ya titani huuziba uso huo. Chovya kioo kwenye titani isopropoksaidi iliyozimuliwa kwa ethanoli kavu, kisha choma nyuzi 450 kwa nusu saa. Dawa hiyo huchafuka ikigusa unyevu, ndiyo maana napenda kuifanya kiangazi, hewa yetu ikiwa kavu. Madirisha yafungwe lakini, vumbi la Agosti halina huruma.

Paka mistari miwili ya gundi ya fedha, ukiacha milimita 1 katikati. Unganisha multimita, mulika kwa tochi ya nanomita 365: ukinzani ushuke, na ukizima upande upesi.