Kabla hujaingia misheni na mponyaji anayetibu kwa kupiga

Kwenye gemu za mtandaoni za kupigana kwa kikosi, wengi wanaochagua mponyaji wa aina hii hudhani wameokota dodo chini ya mwembe. Unampiga adui, wenzako wanapona, na mwisho wa pambano jina lako halimo mkiani kwenye jedwali la mapigo. Kisha wanaingia misheni ya kwanza ngumu, tanki, yaani yule anayekaa mbele kupokea kipigo, anaanguka kabla bosi, adui mkuu, hajapungua damu hata robo, na kikosi kizima kinauliza: wewe mponyaji ulikuwa wapi? Mimi niliulizwa swali hilo, nami nilikuwa napiga kwa bidii zote. Kilichoniangusha kilikuwa kimetokea kabla mlango haujafunguliwa, na ndiyo sababu maelezo haya yanahusu yale ya kabla kuliko yale ya ndani.

Jambo la kwanza ni kujua mapigo yako yanageukaje kuwa tiba, maana kila gemu ina njia yake na kosa la gemu moja ni sifa kwenye nyingine. Wazo lenyewe si jipya. Warhammer Online, iliyotoka mwaka 2008, ilikuwa na Warrior Priest aliyejaza nguvu zake kwa kumpiga adui ana kwa ana, kisha akazitumia kutibu wenzake. Leo watu wengi hukutana na wazo hilo kupitia Discipline Priest wa World of Warcraft au Sage wa Final Fantasy XIV, aliyekuja na upanuzi wa Endwalker Desemba 2021. Wote wawili huitwa waponyaji wanaopiga, lakini usiwachanganye.

Sage anaweka alama iitwayo Kardia kwa mtu mmoja, kwa kawaida tanki. Kila Sage anapomtupia adui uchawi wa kushambulia, mwenye alama anapona kidogo. Kiasi hicho hakiongezeki kwa sababu umewapiga maadui wengi kwa mpigo. Ukilipiga kundi la maadui kumi, tanki anapata tiba ileile ambayo angeipata ungempiga mmoja, huku maadui kumi wakimpiga yeye mara kumi. Hapo ndipo wageni wengi huzama: wanaona Kardia ikitosha mbele ya bosi mmoja, wanadhani itatosha na mbele ya kundi. Haitoshi. Kwenye kundi, Kardia ni nyongeza tu. Kazi kubwa hufanywa na kinga na tiba nyingine ulizonazo.

Discipline Priest anakwenda kinyume. Tangu upanuzi wa Legion wa mwaka 2016, Atonement imekuwa alama unayoiweka kwa wenzako wengi, na sehemu ya mapigo yako inawaendea wote waliobeba alama. Hapa nguvu ya pigo ina maana kubwa: pigo zito ni tiba nzito, na ukipiga maadui wengi pamoja tiba inaongezeka. Lakini alama inadumu sekunde chache, kwa kawaida 15, kisha inazimika. Asiye na alama hapati kitu, hata upige namna gani.

Kwa sababu hiyo saa ni silaha yako kuliko fimbo. Hebu tupige hesabu. Kwenye World of Warcraft, baada ya kutumia uwezo mmoja unasubiri takribani sekunde moja na nusu kabla ya mwingine. Vifaa vyenye kasi hupunguza muda huo, lakini hauwezi kushuka chini ya robo tatu ya sekunde. Ukiweka Atonement kwa mtu mmoja mmoja, watu watano wanakula sekunde saba na nusu, nusu ya uhai wa alama ya kwanza. Watu kumi, na alama ya kwanza imeshazimika kabla hujapiga pigo hata moja. Ndiyo maana kuna Power Word: Radiance, inayoweka alama kwa watu kadhaa kwa mkupuo, na ndiyo maana kuibandika ovyo mwanzoni mwa pambano, wakati hakuna aliyeumia, ni kuitupa.

Kwa hiyo kabla ya misheni lazima ujue kipigo kikubwa kinakuja lini. Si "mara kwa mara", bali lini hasa. Mabosi wengi wa gemu hizi hufuata ratiba, na wa Final Fantasy XIV ndio hasa: tukio la dakika ya pili leo litakuwa la dakika ya pili kesho. Chukua karatasi. Andika nyakati za vile vipigo vinavyogonga kikosi kizima, si kila kikohozi cha bosi, na kando ya kila wakati andika unaanza maandalizi sekunde ngapi kabla. Kwa Discipline Priest mimi huanza na sekunde kumi hivi, kisha narekebisha kulingana na kasi ya vifaa vyangu. Karatasi yenye mistari mitano iliyo sahihi inafaa kuliko video ya saa nzima uliyoitazama ukiwa nusu usingizini.

Kwenye karatasi hiyohiyo weka alama nyingine, nayo watu huisahau kabisa: ni lini bosi hapigiki? Kuna mabosi wanaoruka juu, wanaozama ardhini, wanaojifunga ngao isiyopenyeka. Mponyaji wa kawaida hajali. Wewe utakuwa kama kisima kilichokauka, kwa sababu tiba yako inatoka kwa adui na adui hayupo. Na waundaji wa gemu ni watundu: mara nyingi kipigo kizito huja wakati huohuo bosi anapokuwa ameondoka, au anaporudi tu. Tenga kinga na tiba zisizohitaji adui kwa ajili ya vipindi hivyo, na usikubali kuzitumia mapema kwa sababu tu kitufe kinawaka.

Sage ana hesabu ya ziada. Addersgall, akiba anayoitumia kwa tiba za papo hapo, huongezeka moja kila baada ya sekunde 20, na haizidi tatu. Kila unapotumia moja, asilimia 7 ya mana, yaani nguvu ya kufanyia uchawi, inarudi. Maana yake ni kwamba kukaa na tatu zimejaa ni hasara ya pande mbili: ya nne haizaliwi, na mana hairudi. Hapa nitatofautiana na waponyaji wachoyo, ambao nilikuwa mmoja wao. Bora utumie moja wakati tanki amepungukiwa damu kidogo kuliko kuitunza "kwa dharura" hadi misheni iishe. Ila angalia usirundike visivyorundikika. Kerachole na Taurochole, mbili kati ya tiba za Addersgall, zote hupunguza mapigo kwa asilimia 10, na kinga zao hazijumlishwi juu ya mtu mmoja. Zipishanishe: moja ikiisha, nyingine ianze.

Kuna na wale wanaotibu kwa ngumi na mateke, Mistweaver wa World of Warcraft akiwa maarufu kuliko wote. Kwao la kuzingatia ni moja kubwa: utasimama miguuni pa bosi. Bosi anapogeuka, uko hapo. Anapotapika moto mbele yake, uko hapo. Jifunze anaelekea wapi kabla ya kila pigo lake na usimame ubavuni au mgongoni. Mponyaji maiti hatibu mtu.

Sasa vidole. Tatizo la mponyaji anayepiga ni kwamba ana walengwa wawili kwa wakati mmoja, adui na rafiki, wakati gemu kwa kawaida inakuruhusu kumlenga mmoja. Ukimlenga rafiki umtibu, umempoteza adui. Ukimrudia adui, sekunde imekwenda. Wenye World of Warcraft hutatua hili kwa makro, yaani amri fupi unayojiandikia na kuipa kitufe, au kwa mpangilio wa gemu wenyewe, unaofanya tiba imwendee yule aliye chini ya mshale wa kipanya huku adui akibaki amelengwa. Fanya hivyo siku moja kabla, si dakika tano kabla, kwa sababu vidole vinahitaji kulala na jambo jipya. Final Fantasy XIV pia inaruhusu makro za namna hiyo, lakini amri ya ndani ya makro haiingii foleni kama kitufe cha kawaida, hivyo ukiigusa mapema kidogo inapotea. Kwa Sage mimi huziepuka kwenye uwezo ninaoutumia kila wakati. Napendelea kujizoeza kuchagua wenzangu kwa vitufe vya kibodi.

Na macho je? Visanduku vya wenzako vihamishie karibu na katikati ya skrini. Mponyaji wa kawaida anaweza kuishi akitazama visanduku tu, lakini wewe lazima umwone bosi pia, na shingo ya kwenda kona ya kushoto na kurudi itakuchosha kabla ya misheni ya pili. Hakikisha alama yako inaonekana kubwa juu ya kila kisanduku, na muda uliobaki unasomeka. Zima mapambo mengine yote. Kuhusu intaneti sina mengi: ikiwa inakwama, tiba yako itafika kwa marehemu, kwa hiyo funga upakuaji wowote unaoendelea nyuma.

Ongea na mponyaji mwenzako. Kwenye misheni za watu wanane za Final Fantasy XIV kuna waponyaji wawili, na Sage akipangwa na Scholar, mponyaji mwingine wa ngao, lazima mkubaliane, kwa sababu ngao za kikosi za mmoja hazikai pamoja na za mwingine. Mkizitoa wote wawili, mmoja amepoteza mana bure. Sentensi tatu zinatosha: nani anakinga kipigo cha kwanza, nani cha pili, nani anafufua. Hili la kufufua si dogo. Mana ya mponyaji ni 10,000 na kufufua mtu mmoja kunakula 2,400. Fufua wawili mfululizo, na karibu nusu ya mana imekwenda. Mtu asiyejiandaa kwa hilo huanza kutafuta Lucid Dreaming, uwezo wa kurudisha mana, wakati tayari anakwangua sakafu. Itumie mapema, ukiwa na mana nyingi bado, ili iwe imepoa utakapoihitaji tena.

Jambo ambalo hakuna gemu itakayokufundisha ni lini uache kupiga. Amua kabla, ukiwa umetulia, kwa sababu katikati ya pambano akili inang'ang'ania kilichoanzishwa. Mimi nimejiwekea mipaka miwili. Tanki akishuka chini ya theluthi ya damu na sina tiba ya papo hapo mkononi, nasimamisha mashambulizi na kumtibu waziwazi. Na mtu yeyote akibakiwa na damu isiyoweza kuvumilia kipigo kinachofuata, halikadhalika. Nje ya hapo napiga. Mtu aliyebaki na nusu ya damu, na hakuna kipigo kinachokuja kwa sekunde kumi, hana dharura, hata kama anaandika herufi kubwa kwenye soga. Kumkimbilia ni kupoteza pigo ambalo lingekuwa limewatibu wengine.

Mazoezi yafanyie mahali pasipo na aibu. Sage anaanza akiwa levo ya 70, maana yake unakabidhiwa rundo la vitufe bila kukua navyo, na kuvipeleka moja kwa moja mbele ya watu saba wasiokujua ni kujitafutia lawama. Final Fantasy XIV ina misheni unazoweza kuingia na wahusika wa kompyuta, na World of Warcraft nayo ilileta za namna hiyo Januari 2024. Wahusika hao hawatukani. Mwanasesere wa mazoezi anafaa kwa vidole tu. Hakufundishi lolote kuhusu saa, kwa sababu hampigi mtu.

Ukimaliza mazoezi na kutazama takwimu, usianze na jumla ya tiba. Angalia kwanza ni nani alikufa na alama yako ilikuwa juu yake au la. Kisha angalia tiba iliyomwagika juu ya watu waliojaa tayari. Kwa Atonement kumwagika kiasi hakuepukiki, lakini ikiwa nyingi inamwagika kabla ya kipigo, umeanza mapema mno. Mwisho kabisa ndipo utazame mapigo yako, ujipongeze ukitaka.

Dakika ya mwisho mlangoni haina mengi. Mana imejaa? Chakula cha kuongeza nguvu kimeliwa? Karatasi iko wapi? Halafu naangalia visanduku vya kikosi, polepole, kutoka juu hadi chini, nikitafuta alama ya Kardia iko kwa nani. Ile siku tanki wetu alipoanguka, niliiona baada ya kuulizwa nilikuwa wapi: ilikuwa juu ya kichwa changu mwenyewe, na damu yangu ilikuwa imejaa pomoni.