Somo: kuhesabu ndege mwezi wa tano na kutuma orodha inayofaa

Naandika mara moja hapa, atakayeniuliza tena namtumia hili tu. Siku ya kuhesabu ndege duniani, Global Big Day, ilianza 2015, kwa kawaida ni Jumamosi ya pili ya Mei. Si lazima uwe mtaalamu. Mifano yangu ni ya hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ndiko nnakohesabu.

1. Pakua eBird, app ya kuandikia ndege unaowaona, fungua akaunti, ni bure.
2. Ukiwa bado una netiweki pakua pakiti ya ndege wa Kenya.
3. Ukifika bonyeza kuanza, simu irekodi muda na njia.
4. Andika KILA ndege unayemtambua, na idadi.

Hii ya 4 ndo inaharibu orodha nyingi. Mwishoni app inauliza kama umeandika wote uliowatambua, watu wanabonyeza ndiyo na huku wamemruka kunguru, tetere, yangeyange, eti hao wa kila siku. Jamani, data inasoma pia ndege asiyekuwemo! Ukisema umeandika wote na kunguru hayumo, umetangaza kwamba Gede nzima uliyopita hukuona kunguru. Na hawa wa kila siku wakianza kupungua tutajuaje kama hakuna anayewaandika? Kama umeandika wa kuvutia tu sawa, ila jibu HAPANA. Idadi nayo usikimbilie kuweka X, yaani yupo ila hukuhesabu. Kundi la vitwitwi kwenye tope, hesabu kumi, angalia hao kumi wamechukua nafasi gani, kisha nenda kumi kumi hadi mwisho wa kundi. Makadirio ya kweli yanasaidia kuliko X.

5. Ukihama mahali funga orodha, anza nyingine. Mida na msituni ni orodha mbili.
6. Tuma. Kiota cha bundi usimwonyeshe mtu kilipo, wala picha yenye lokesheni.

MASWALI

pwani_kwetu: Merlin, ile app ya kutambua ndege kwa sauti, imesikia ndege adimu, niweke?
– Umemwona, au sauti yake unaijua mwenyewe?
pwani_kwetu: Hapana ila app imesema
– Basi usiweke. App inakwambia utazame wapi, kutambua ni kazi yako.

juma_lenzi: Kunguru lazima kweli?
– Soma hatua ya 4.
juma_lenzi: Nimesoma, nauliza tu
– Na nimejibu tu. Lazima.

binti_mida: Shikamoo kaka. Wale weupe wenye mgongo mweusi wanaokula kaa, mbona Januari wamejaa na Mei ni wachache?
– Marahaba dada, swali zuri sana. Hao ni crab plover, wameenda kuzaa kaskazini, pwani za Somalia, Oman na Ghuba. Wanachimba mashimo mchangani, jike hutaga yai moja kwa kawaida, na joto la mchanga linasaidia kuliatamia. Wanaobaki huku wengi ni wachanga hawajafikia kuzaa, kwa hiyo hata ukiona watatu andika watatu, hao wana maana kubwa.
binti_mida: Asante! Nifike saa ngapi?
– Usiangalie saa, angalia maji. Maji yakitoka ndege wako mbali huko, hata darubini haisaidii. Fika maji yanapoanza kujaa, yanawasukuma mpaka karibu na wewe. Siku za bamvua wahi zaidi, tope linafunikwa haraka wanahamia mikokoni.

mzee_wa_gede: Darubini yangu imeshika chumvi, naifuta na shati
– Mzee wangu usifute kavu, chumvi inakwaruza kioo. Lowesha kitambaa laini kwa maji matamu kwanza, chumvi iyeyuke, ndo ufute.