Chakula cha Mbwa Ughaibuni: Anza Kusoma Nyuma ya Mfuko

Ukiingia duka la wanyama Minneapolis, Birmingham au Stuttgart utakuta rafu ndefu za mifuko ya chakula cha mbwa, na mfuko mmoja unaweza kuuzwa mara tatu au nne ya bei ya jirani yake. Upande wa mbele wa mfuko ni tangazo. Picha ya paja la kuku, shamba la kijani na maneno "premium" au "holistic" hayakuambii kitu, kwa sababu maneno hayo mawili hayana maana yoyote kisheria. Kinachokujulisha kama chakula kinamfaa mbwa wako, na kama bei yake ni ya haki, kimechapishwa nyuma kwa herufi ndogo. Tafuta mambo matatu: kama chakula ni kamili, ni cha mbwa wa umri gani, na kina kilokalori ngapi kwa kilo moja.

Chakula kamili ni kile ambacho mbwa anaweza kula hicho tu kila siku asipungukiwe na protini, mafuta, vitamini wala madini. Marekani tafuta sentensi inayotaja AAFCO (chama kinachoweka viwango vya malisho) yenye maneno "complete and balanced", ikifuatiwa na umri: "adult maintenance" ni mbwa mzima, "growth" ni mtoto, "all life stages" ni wa umri wowote. Ukikuta "intermittent or supplemental feeding", hicho si mlo, ni kitoweo. Uingereza utasoma "complete" kwa chakula kamili na "complementary" kwa cha kuongezea tu. Ujerumani na Austria ni "Alleinfuttermittel" dhidi ya "Ergänzungsfuttermittel". Ufaransa na Ubelgiji "aliment complet" dhidi ya "aliment complémentaire". Uholanzi "volledig" dhidi ya "aanvullend". Sweden "helfoder", Norway "fullfôr", Denmark "fuldfoder", Finland "täysrehu". Neno la nchi unayoishi liandike kwenye simu kabla ya kwenda dukani. Kosa linaloumiza mbwa wengi ni kununua makopo au soseji za nyama zilizopunguzwa bei, ambazo ni za kuongezea tu, kisha kuzifanya mlo mkuu miezi mfululizo.

Muuzaji akisema chakula chake "kimeidhinishwa na AAFCO", usimsikilize. AAFCO ni chama cha maofisa wanaosimamia malisho ya mifugo katika majimbo. Huweka viwango, lakini hakipimi wala hakiidhinishi chakula cha kampuni yoyote.

Kwa watoto wa mbwa wakubwa, kama German Shepherd, Boerboel au Rottweiler, kuwa mwangalifu zaidi. Mtoto wa mbwa hawezi kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini, na kalsiamu hiyo humharibia mifupa na viungo wakati anakua haraka. Marekani lebo inapaswa kusema chakula kinafaa pia "growth of large size dogs", yaani mbwa watakaofika pauni 70 (kilo 32 hivi) au zaidi wakikomaa. Usimwongezee vidonge vya kalsiamu wala unga wa mifupa juu ya chakula kamili, hata rafiki akisisitiza kwamba mbwa wa kwao alikua vizuri hivyo.

Jina la chakula nalo lina kanuni zake. Marekani, kopo linaloitwa "Beef Dog Food" lazima liwe na nyama ya ng'ombe asilimia 95, maji ya kutengenezea yakiwekwa kando. "Beef Dinner" au "Beef Recipe" inatosha kuwa na asilimia 25. "With Beef" ni asilimia 3 tu, na "Beef Flavor" inahitaji ladha pekee. Ulaya, "with chicken" huanzia asilimia 4. Kwa hiyo usilipie zaidi kwa sababu ya jina la nyama lililoandikwa kwa wino mkubwa. Viungo hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ni maji karibu asilimia 70. Kuku mbichi akitajwa wa kwanza anaweza kuwa amechangia protini kidogo kuliko unga wa kuku mkavu, "chicken meal", uliotajwa wa tatu.

Maneno "by-products" na "derivatives" huwatisha Wazungu wengi, lakini kwetu tuliokula supu ya utumbo, maini na figo hayana cha kutisha. Ni sehemu hizo hizo: maini, mapafu, bandama, figo, utumbo uliosafishwa. Zina virutubisho vingi na ndizo zinazoshusha bei. Waislamu tu ndio wana jambo la kuangalia hapa. "Meat and animal derivatives" au "meat meal" bila kutajwa mnyama inaweza kuwa na nguruwe. Kama hutaki kukishika chakula cha namna hiyo, chagua kilichotaja mnyama mmoja kwa kila kiungo, mafuta yakiwemo, kwa mfano "chicken fat" badala ya "animal fat".

Chakula kisicho na nafaka, "grain free", huuzwa ghali na kwa mbwa walio wengi hakina faida. Mzio wa chakula kwa mbwa hutokana zaidi na nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku kuliko mahindi au mchele. Tena, Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza uhusiano kati ya vyakula hivi, vingi vikiwa na njegere, dengu na jamii ya kunde kwa wingi, na ugonjwa wa kutanuka kwa moyo. Uhusiano huo haujathibitishwa, lakini sioni sababu ya kulipa zaidi ili kuingia kwenye shaka.

Sasa bei. Kulinganisha bei kwa kilo kunadanganya, kwa sababu mbwa hulishwa kwa nishati. Linganisha bei ya kila kilokalori 1,000. Tuseme mfuko wa kwanza ni kilo 15 kwa dola 40, wenye kilokalori 3,300 kwa kilo: jumla 49,500, yaani senti 81 kwa kila 1,000. Wa pili ni kilo 12 kwa dola 36, wenye 3,900 kwa kilo: jumla 46,800, yaani senti 77. Kwa kilo, wa pili ulionekana ghali (dola 3.00 dhidi ya 2.67), kumbe ndio wa bei nafuu, na mbwa atapewa gramu pungufu kuliko za wa kwanza.

Marekani kilokalori lazima ziandikwe kwenye mfuko. Ulaya na Uingereza si lazima, ila unaweza kuzikokotoa. Chukua 100, toa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu (yaani madini) na unyevu. Kinachobaki ni wanga. Kisha zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5 na wanga kwa 3.5, ujumlishe. Mfano: protini 24, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, majivu 7, unyevu 9. Wanga ni 45. Jumla ni 84 + 102 + 157.5, takriban kilokalori 344 kwa gramu 100, au 3,440 kwa kilo. Kama unyevu haukuandikwa kwenye chakula kikavu, weka 9 au 10.

Chakula cha kopo kwa kawaida hugharimu zaidi sana. Kopo la gramu 400 lenye kilokalori 90 kwa gramu 100 lina 360 tu. Mbwa wa kilo 20 angehitaji makopo matatu kwa siku. Usidanganywe na protini yake kuonekana ndogo, kwa mfano asilimia 8. Unyevu ukiwa asilimia 78, kilicho kikavu ni 22, na 8 ndani ya 22 ni asilimia 36. Kinachopandisha gharama ni maji unayoyalipia. Njia ya kati ni chakula kikavu kwa wingi na kijiko cha cha kopo juu yake.

Bidhaa zenye chapa ya duka lenyewe hazina ubaya: Kirkland Signature ya Costco, za Lidl na Aldi, za dm na Rossmann kule Ujerumani, mradi lebo iseme chakula ni kamili. Uingereza kuna jambo wageni wengi hawalijui: chakula cha mbwa wa kawaida hutozwa VAT ya asilimia 20, ila chakula kamili kinachouzwa mahsusi kwa mbwa wa kazi, chenye neno "working", hakitozwi, na mtu yeyote anaweza kukinunua. Tazama mafuta tu. Baadhi yake kina mafuta mengi kwa ajili ya mbwa anayekimbia siku nzima na kondoo, na mbwa wa ghorofani atanenepa usipopunguza gramu. Mambo yakiwa magumu kabisa, RSPCA na Blue Cross, mashirika ya kutetea wanyama, yana mipango ya kugawa chakula cha wanyama Uingereza, na Marekani uliza "humane society" ya eneo lako.

Kiasi cha kulisha: zidisha uzito wa mbwa kwa kilo mara 30, ongeza 70, kisha zidisha kwa 1.6 kama ni mbwa mzima aliyehasiwa, 1.8 kama hajahasiwa, au 1.4 kama ni wa kushinda ndani na hunenepa upesi. Hesabu hii inafaa kwa mbwa wa kilo 2 hadi 45. Mbwa wa kilo 20 aliyehasiwa: 670 mara 1.6 ni kilokalori 1,072. Kwa chakula cha 3,440 kwa kilo, hizo ni gramu 310 kwa siku, zigawe asubuhi na jioni. Pima kwa mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya, hasa kwa mbwa mdogo, ambaye gramu 20 za ziada ni sehemu kubwa ya mlo wake. Baada ya wiki mbili mpapase mbavu: uzihisi kwa urahisi chini ya ngozi, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane. Mbavu zisipopatikana, punguza asilimia 10. Zikiwa zinajitokeza zote, ongeza hivyo hivyo. Jedwali lililochapishwa kwenye mfuko ni pa kuanzia tu.

Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia ununue mfuko wa ukubwa gani. Ukishafunguliwa, mafuta ya chakula huanza kuchacha, na ni vizuri mfuko uishe ndani ya wiki sita hivi. Mfuko wa kilo 12 utamtosha mbwa wetu wa kilo 20 siku 38. Lakini mbwa wa kilo 5 hula gramu 100 hivi tu, na mfuko wa kilo 15 ungemkalia miezi mitano. Mwenye mbwa mdogo anunue kilo 4 hata kama bei kwa kilo iko juu. Kiache chakula ndani ya mfuko wake, kisha mfuko uuweke ndani ya ndoo yenye kifuniko, mahali pasipozidi nyuzi 27. Wanaoishi Muscat, Dubai au Doha wasikiache garini wala barazani. Ukikimimina kwenye ndoo moja kwa moja, mafuta ya zamani hubaki kwenye kuta na kuchachusha chakula kipya, nawe unapoteza namba ya toleo, ambayo utaihitaji kampuni ikitangaza kurudishwa kwa bidhaa.

Ugali na mabaki ya mezani? Mbwa anaweza kumeng'enya ugali na wali, lakini ugali na mchuzi kama mlo wa kila siku hauna kalsiamu, zinki wala protini ya kutosha. Hata nyama na wali ulivyovipika kwa upendo vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipitia mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani. Asilimia 95 yalikosa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Ukitaka kupika, pata fomula kutoka kwa daktari wa mifugo mwenye utaalamu wa lishe, na ukitumie kirutubisho cha ziada alichokuandikia bila kubadilisha. Vinginevyo vitafunwa na mabaki visizidi asilimia 10 ya kilokalori za siku, ambayo kwa mbwa wa kilo 20 ni kama 107. Chapati moja ya mafuta peke yake inaweza kupita 250.

Jikoni kwetu kuna hatari zake mahsusi. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huvunja chembe nyekundu za damu, na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Kwa hiyo mchuzi, pilau na sukuma wiki iliyokaangwa si vyake. Zabibu kavu za kwenye biriani zinaweza kuua figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Donge la maandazi lenye hamira huumuka tumboni na kutoa pombe. Mifupa iliyopikwa hupasuka kuwa vipande vyenye ncha, wakati gunzi la mahindi na kokwa la embe huziba utumbo na kuishia kwenye upasuaji wa maelfu ya dola. Unga wa mahindi wenye ukungu usipewe mbwa kwa kuogopa kutupa: sumukuvu haiishi kwa kupikwa, na ini la mbwa hudhurika nayo haraka. Angalia pia siagi ya karanga na peremende zenye "xylitol" au "birch sugar", kitamu cha badala ya sukari ambacho ni sumu kwa mbwa. Mbwa akila kimojawapo, usingoje dalili. Piga simu kwa daktari wa mifugo, au ASPCA Animal Poison Control ukiwa Marekani na Animal PoisonLine ukiwa Uingereza. Huduma hizo hutoza ada.

Ukibadilisha chakula, fanya kwa siku 7 hadi 10: robo ya kipya kwa siku mbili au tatu, kisha nusu, kisha robo tatu, halafu chote. Kinyesi kikilainika, rudi hatua moja nyuma na ukae hapo siku mbili. Kuharisha damu, kutapika mfululizo au kukataa kula siku nzima ni jambo la daktari, na kwa mtoto wa mbwa usisubiri hata hiyo siku.