Kufuma Mtandio wa Matundu kwa Uzi wa Pamba

Michoro mingi ya mitandio ya matundu imetoka nchi za baridi, kama vile visiwa vya Shetland, na uzi unaotajwa humo ni wa sufu. Mtandio wa namna hiyo hauvaliki Tanga wakati wa kaskazi, hata jioni kule Raskazone penye upepo wa bahari. Mfumaji wa huku hutumia pamba, na akishabadilisha uzi hana budi kubadilisha na hesabu, kwa kuwa sufu huvutika ikarudi, ilhali pamba ikishavutika hairudi vizuri, na uzito wake huzidi kuishusha. Mtandio wangu wa kwanza niliufuma kwa kufuata mchoro bila kupunguza kitu. Baada ya kufuliwa mara mbili ulinifika magotini, na mama akaugeuza pazia la jikoni.

Kwa hiyo anza na sampuli. Ua la mawimbi linafaa kwa kujifunzia: lina vitanzi 18 na mistari minne. Mstari wa kwanza hufumwa kawaida, wa pili kinyume, yaani uzi ukiwa mbele ya sindano. Kazi iko katika mstari wa tatu: fuma vitanzi viwili kwa pamoja mara tatu, kisha zungusha uzi kwenye sindano na ufume kitanzi kimoja, ukirudia hivyo mara sita, halafu umalizie kwa kufuma viwili kwa pamoja mara tatu. Vitanzi sita vilivyopungua hurudishwa na mizunguko sita, ndiyo maana ukihesabu utakuta 18 vile vile. Ukikuta 17, upo mzunguko uliousahau, na ni afadhali uutafute hapo hapo. Mstari wa nne, ingawa uko upande wa nyuma, hufumwa kawaida ili uache tuta jembamba.

Fuma maua mawili kwa upana, yaani vitanzi 36, kwa sindano za milimita 4, mistari 32 kwa urefu. Ioshe sampuli, itandaze jamvini kivulini huku umeibana kwa pini, na ikishakauka itundike siku nzima ndipo uipime. Tuseme ua moja limetoka sentimita 9 nawe unataka upana wa sentimita 54: utahitaji maua sita, yaani vitanzi 108, na ukiongeza vinne vya pindo kila upande vitakuwa 116. Wengi hukosea kwa kuchomeka vitanzi vichache ndani ya ua ili upana utimie, na wimbi huenda upande. Ongeza au punguza ua zima. Zikibaki sentimita mbili tatu, zimalize kwenye pindo.

Kila baada ya mistari 16, pitisha uzi wa kushonea wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote, ili ukikosea ufumue hadi hapo tu. Urefu upime kazi ikiwa inaning'inia, si ikiwa imelala mapajani, na mstari wa kufungia ufume kwa sindano ya milimita 5, la sivyo ukingo utabana na mawimbi ya mwisho hayatafunguka.