Kufunga vihisi ndani ya zege la daraja la pwani

Katika daraja la zege linalojengwa karibu na bahari, mathalani pale Mto Lukuledi unapoingia Ghuba ya Lindi, adui wa kwanza ni chumvi inayopenya hadi kwenye nondo. Kwa hiyo anza na vihisi (vifaa vidogo vya kupima) vya kutu: vifunge katika vina tofauti kati ya uso wa zege na nondo, ili kile cha nje kikionyesha dalili, mhandisi ajue chumvi imefika wapi kabla nondo zenyewe hazijaliwa. Vihisi vya mkazo, vinavyopima jinsi zege linavyovutika au kubanwa, vifungwe sambamba na nondo za chini, katikati ya boriti, ambapo mzigo huipinda zaidi.

Pitisha nyaya ndani ya bomba, kisha soma kila kihisi kabla na baada ya kumwaga zege, kwa kuwa vaibreta (mashine ya kushindilia zege) ya fundi asiyeonywa hukata waya usioweza kufikiwa tena. Kipimajoto ni cha lazima: boriti ya mita 20 ikiongezeka joto kwa nyuzi 10 hurefuka takriban milimita 2, na asiyeondoa athari hiyo atadhani jua la mchana ni mzigo. Vipimo vya kuanzia, vya kulinganishia vya baadaye, vichukuliwe mchana na usiku, kabla malori ya korosho hayajaruhusiwa kupita.